Jina la Binti wa Tatu

Tangu akiwa mtoto wa shule ya msingi, Mbogo alikitamani kiti cha baba yake. Si kiti cha kifahari, msije mkadanganyika. Ni kigoda cha miguu mitatu kilichopasuka upande mmoja kikazibwa kwa kipande cha bati. Lakini aliyekikalia ndiye aliyekuwa muthamaki wa nyumba yao, yaani msemaji wake mbele ya ukoo, na pale kijijini Karurumo hapakupokelewa mahari, hapakupandwa mpaka wa shamba wala hapakushushwa maiti kaburini kabla huyo mtu hajafungua kinywa. Mzee Runji alikikalia miaka thelathini na mmoja. Watoto wengine walipokwenda kucheza mpira, Mbogo alibaki nyuma ya mlango akiwasikiliza wazee, akijifunza hata jinsi baba yake alivyokohoa kabla ya kukata shauri.

Shida yake ilikuwa moja tu. Alizaliwa wa pili.

Kiti kile hakina hiari. Humwendea mwana wa kiume wa kwanza, apende asipende, awe mlevi au mcha Mungu. Hawezi kukiuza, hawezi kumpa mdogo wake, na akikataa kukikalia kitakaa kitupu mpaka siku atakapokufa, na nyumba nzima itakuwa bubu kwenye ukoo. Katiba mpya ilikuwa imekuja ikasema binti arithi shamba sawa na kijana, na wazee waliguna wakatii, maana korti ya Embu haikuwa mbali. Lakini kiti si shamba, walisema. Kiti hakina hati ya kupeleka kortini.

Na mtoto wa kwanza wa mzee Runji alikuwa Kaari.

Alipozaliwa waliona mvulana, wakampa jina la babu yake, Njura. Mwenyewe alijua mapema kwamba wamekosea. Alisema hivyo akiwa na miaka sita, akachapwa. Akasema tena akiwa na miaka kumi na tisa, akafukuzwa. Akaenda zake Meru, akapanga chumba mtaa wa Kaaga, akapata cherehani, na kwa kuwa Kaaga ni mashule kila upande, kazi haikumkosa: alishona sare za watoto, akatengeneza zipu na kushusha pindo za sketi zilizopitwa na urefu wa wenyewe. Huko kila mtu alimjua kama Kaari fundi, basi. Hata jina hakuliokota njiani. Kwao majina yana foleni: mvulana wa kwanza huitwa babu mzaa baba, msichana wa kwanza huitwa nyanya mzaa baba, na wengine hufuata hivyo kwa zamu. Nyanya yao mzaa baba alikuwa Kaari. Mtu waliyemshtaki kwa kuvunja desturi zote alikuwa amechukua jina lile lile ambalo desturi ingempa.

Mbogo alimtembelea mara moja kwa mwaka, mwezi wa Desemba. Alimwita "wewe." Kwa miaka kumi na minane alifaulu kuongea naye bila kumwita kaka wala dada, kazi ambayo si rahisi kwa mtu uliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Kaari alimpa chai, akauliza vipimo vya watoto, akamfungia nguo za kuwapelekea, kisha akamsindikiza hadi stendi akingoja neno moja ambalo halikuja. Mbogo alijua anachongojewa. Alipanda gari akajifanya hajui.

Mzee Runji alifariki Novemba mwaka wa 2012. Kwenye mazishi Kaari alikaa na wapishi, akamenya viazi tangu asubuhi, na jina lake halikutajwa katika historia ya marehemu. Februari ukoo ukaitwa katika ua wa marehemu ili kiti kipate mwenyewe.

Aliyeongoza alikuwa mzee Mwaniki, karani mstaafu wa korti, mtu aliyekuwa na tabia ya kuuliza swali moja mara mbili na kuandika jibu la pili. Kaari alikuwa ameitwa. Alikuja na sketi ya kijivu, sweta na kitambaa kichwani, akasimama mahali alipoonyeshwa.

"Njura," Mwaniki alisema, wala si kwa ubaya, "hiki kiti ni chako. Baba yako alikufukuza kwa nyumba, lakini kwa kiti hakukufukuza. Hakuwa na uwezo huo. Hata sisi hatuna. Toa hicho kitambaa ukae."

"Siwezi, mzee."

"Huwezi ama hutaki?"

"Hiki kiti kinakaliwa na mwana wa kiume. Mimi si mwana wa kiume. Mpeni Mbogo, yeye ndiye alimtunza baba."

"Hatuna ruhusa ya kumpa Mbogo. Mbogo ni wa pili."

"Basi mimi sijui."

"Basi kitakaa kitupu," Mwaniki alisema, akafungua kalamu.

Mbogo aliikazia macho ile kalamu. Miaka saba alikuwa amembeba baba yake kutoka kitandani hadi kwa gari, kutoka gari hadi hospitali ya Embu, na kurudi. Alikuwa amemnyoa, amemkata kucha, amemjibia salamu sauti ilipokwisha. Sasa aliona kiti kikimponyoka hivi hivi, kwa sababu ya mtu ambaye hata hakitaki. Akasimama kabla hajajua kwamba amesimama.

"Wazee, mnasumbuka bure," alisema. "Huyu ni dada yangu."

Mzee mmoja aliyekuwa akitafuna majani ya muguka aliacha shavu limevimba.

"Ndiyo," Mbogo aliendelea. "Ni dada yangu mkubwa. Kila mtu Kaaga anajua, ni sisi tu tunajifanya vipofu. Kwa hivyo mwana wa kiume wa kwanza wa Runji ni mimi. Na hakuna mwingine."

Tusimfiche: alisema kwa ajili ya kiti. Kama kiti kingekuwa kinawaendea mabinti kwanza, angeapa kwa nguvu zile zile kwamba ana kaka. Lakini maneno yalimtoka vizuri, laini, utadhani yalikuwa yamekaa kinywani mwake miaka yote hiyo. Na labda yalikuwa yamekaa.

Mwaniki alimtazama juu ya miwani. "Sikiza, Mbogo. Neno likisemwa mbele ya hiki kiti halisemwi nusu. Akiwa dada hapa, ni dada kwa harusi, ni dada kwa matanga, ni dada kwa majina ya watoto. Huyu si koti ulivae wakati wa baridi na ulitundike jua likitoka. Ni dada yako?"

"Ni dada yangu."

"Ni dada yako?"

"Ni dada yangu, mzee."

Ikaandikwa. Kaari alikuwa amejifunika uso kwa viganja, mabega yakitikisika. Wengine walidhani analilia kiti. Mbogo aliyaona machozi yale yakipita katikati ya vidole, akajua kabisa yanalilia nini, na aibu ikamchoma. Ilimchoma kwa muda mfupi tu, kisha wakamshika mikono wakamkalisha.

Mkutano ulipokwisha Kaari alimjia, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Umeniita," alisema. "Mbele ya watu wote, umeniita."

"Twende tukule, nyama inapoa," Mbogo alijibu.

Wakati huo mkewe, Rwamba, alikuwa mja mzito. Walikuwa na mvulana, Runji, na wasichana wawili: wa kwanza alichukua jina la mama yake Mbogo, wa pili la mama yake Rwamba. Binti wa tatu, kwa foleni ile, huitwa dada mkubwa wa baba. Zamani majirani walidhani nyumba ya Mbogo itairuka nafasi hiyo kwa kuwa hana dada. Sasa anaye, na imeandikwa. Rwamba alihesabu kwa vidole akacheka. Alimpenda Kaari tangu siku alipomshonea gauni la harusi bila kuonekana popote kwenye harusi yenyewe.

Agosti mtoto akazaliwa, msichana mnono mwenye nywele nyingi. Rwamba alikuwa bado kwenye kitanda cha hospitali alipomwomba muuguzi simu, akampigia Kaari, akamwambia kama wanavyoambiwa wote wanaopata wajina: "Umezaliwa." Upande wa pili cherehani ikasikika ikizimwa.

Asubuhi ile ile Mbogo alikuwa amepita sokoni Karurumo kununua sabuni na nepi. Mbele ya kinu cha unga alikutana na mtu wa ukoo mwingine, mcheshi wa kujulikana. "Muthamaki," yule mtu alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "tunaambiwa kwako kunazaliwa Njura wa vipuli!" Watu watatu walicheka, pengine wanne. Mbogo naye alicheka kidogo. Njia nzima ya kwenda hospitali alijiona akisimama kanisani siku ya ubatizo, na mkatekista akiuliza mtoto amepewa jina la nani, na mabenchi yote yakigeuka. Alijiona akitajwa katika kila soko. Muthamaki wa miezi sita, kiti hata hakijapata joto lake.

Karani wa hospitali alisogeza fomu. "Jina la mtoto?"

Rwamba alikuwa amelala. Mbogo alikohoa kama baba yake.

"Wambeti," alisema.

Wambeti ni dada yake Rwamba. Jina zuri, halina kosa. Lakini zamu yake ilikuwa ya binti wa nne.

Rwamba alipoamka akaona karatasi, hakupiga kelele. "Baba Runji, umemruka mtu," alisema.

"Tutampa atakayefuata."

"Atakayefuata yuko wapi? Mimi nimemaliza kuzaa, na ulikuwepo daktari akisema." Akamsogeza mtoto kwenye ziwa. "Na kama uliogopa watu, si ungewaambia ni jina la cucu yako, yule nyanya Kaari? Wangejuaje?"

Mbogo hakuwa amelifikiria hilo. Hata uongo mdogo wa kumsitiri mtu ulikuwa umemshinda.

Rwamba alikataa kupiga simu ya pili. "Aliyemruka ndiye atakayemwambia," alisema. Mbogo akasema atapiga kesho, na kesho yake akasema kesho. Mambo ya kuaibisha huwa na kesho nyingi.

Jumamosi ya tatu Kaari alikuja mwenyewe kuona mtoto, pamoja na wanawake watatu wa Kaaga, majirani zake. Mmoja, Karwirwa, alikuwa na mimba kubwa na bado alibeba kibuyu cha uji. Walileta mkungu wa ndizi, kuni zilizofungwa vizuri, na shali nyeupe ya kumfungia mtoto, iliyotariziwa pembeni kwa uzi wa manjano. Kaari alivaa gauni jipya. Alinawa mikono, akaketi, akanyoosha mikono kama anavyofanya kila mwenye jina.

"Haya, nipeni nijione," alisema.

Rwamba alitazama sakafu. Ilibidi Mbogo aseme.

"Anaitwa Wambeti."

Mikono ya Kaari ilibaki pale pale ilipokuwa. Wale wanawake wa Kaaga walitazamana. Hawakuijua foleni ya Embu vizuri, lakini uso wa mtu hauhitaji mkalimani. Halafu Kaari akampokea mtoto, akamfunga ile shali, akamtazama sana. "Wambeti," alisema polepole, "karibu kwetu." Alikaa saa mbili. Alikula, akasifu uji, akaosha na vyombo. Hakuna kilichomuumiza Mbogo kama kule kumwona akisugua sufuria zake.

Langoni, wenzake walipotangulia, alisimama. "Uliulizwa mara mbili, ukajibu mara mbili. Nilikuwa nahesabu."

"Watu wangenicheka," Mbogo alisema.

"Walikucheka?"

"Wangecheka."

"Mimi wamenicheka tangu nikiwa na miaka kumi na tisa," Kaari alisema, "na kila asubuhi nafungua duka." Akaenda.

Habari ya jina haifichiki. Novemba mzee Mwaniki alifika kwa Mbogo akiwa na kitabu chake kwapani, akakataa chai, jambo ambalo Mbogo hakuwahi kuliona.

"Nimesoma tulichoandika," alisema. "Ulisema una dada. Binti wa tatu amekuja, dada hakuitwa. Mtu humruka dada yake akiwa hana dada. Na kama huna dada, Njura ni ndugu yako mkubwa, na wewe umekalia kiti cha wenyewe. Ni moja kati ya mbili, na mimi sijui ni gani. Tutamuita yeye aseme."

Usingizi ulimpungua Mbogo kuanzia siku hiyo. Alimjua Kaari, alijua si mtu wa kisasi, lakini alijua pia alichomfanyia. Ingetosha aseme maneno manne tu, "Ndiyo, mimi ni Njura," na kiti kingeondoka pale kilipo hata kama asingekikalia kamwe. Alimpigia simu. Aliomba msamaha vibaya, kwa maneno mengi, na katikati ya maneno hayo kiti kilitajwa mara tatu.

"Nimeitwa, nitakuja," Kaari alisema. "Usiogope, Mbogo." Na kule kuambiwa asiogope kulimwogopesha zaidi.

Walikutana Desemba katika ua ule ule. Kaari alisimama na sketi ile ile ya kijivu.

"Swali ni moja," Mwaniki alisema. "Wewe ni mwana wa Runji ama binti wa Runji? Na ujue, ukisema mwana, hiki kiti kinarudi kwako leo, na Mbogo atakaa kule nyuma na vijana."

Kaari alimtazama Mbogo. Mbogo hakuweza kuinua macho. Alilitazama bati lililoziba ufa wa kigoda.

"Mimi ni binti wa Runji," Kaari alisema.

"Ni binti wake?"

"Ni binti wake. Hata aliponifukuza nilikuwa binti wake. Siwezi kudanganya juu ya hilo ili nimkomoe mtu."

Mwaniki akaandika. "Kwa hivyo Mbogo ndiye mwana wa kwanza, na kiti ni chake. Na wewe ni dada ya Mbogo. Niandike hivyo?"

"Hapana, mzee. Hilo usiandike."

"Kwa nini, mama?" Mwaniki aliuliza, na hakuna aliyekosa kusikia kwamba amemwita mama.

"Kuwa binti wa baba nilizaliwa hivyo. Lakini dada, mtu huwa dada kwa mwenzake. Mbogo alinifanya dada siku alipotaka kiti, na alipokipata akaniacha. Mimi nimechoka kungoja kwa mlango wake. Andika la kwanza. La pili acha nafasi."

Mwaniki alishika kalamu muda mrefu, kisha akaacha nafasi.

Mbogo alimfuata hadi langoni, akimwacha kila mtu nyuma. Kiti kilikuwa chake sasa, chake kabisa, hakuna wa kukitikisa, na hakuona ndani yake furaha hata chembe. "Runji ataoa," alisema akihema. "Mjukuu wangu atapata jina lako. Naapa."

"Runji ana miaka kumi na miwili."

"Nitangoja."

"Usingoje." Kaari hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jina langu limeshapata mtoto. Karwirwa alijifungua Oktoba. Sisi si ukoo mmoja, hata undugu wa mbali hatuna. Alikuja na mtoto mgongoni akaniuliza kama nitakubali, akampeleka kanisani akalitaja kwa sauti. Siku hizi ndiye anayelala chini ya meza yangu nikishona."

Mbogo alitaka kuuliza mtoto huyo anafananaje, ana nywele nyingi au chache, anacheka ama bado. Hakuuliza. Alijua hana haki ya kuuliza. Kaari alirekebisha kitambaa chake, akamwambia amsalimie mama Runji, akavuka barabara.

Kutoka uani walimwita. Mkutano ulikuwa haujafungwa, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuufunga. Mbogo alirudi, akakaa juu ya kigoda, akavua kofia. Muthamaki hufunga kwa kuiombea nyumba yake, mtu mmoja mmoja kwa jina, kuanzia kwa mkubwa. Alinyamaza mpaka wazee wengine wakafungua macho kuona kuna nini.

"Kaari," alisema mwishowe, kwa sauti iliyofika hadi langoni. "Dada yangu mkubwa, Kaari."

Hakuna aliyecheka. Mzee Mwaniki alilivuta daftari karibu, akatafuta ile nafasi aliyoiacha, kisha akalifunga bila kuandika, kwa sababu aliyetakiwa kusikia alikuwa ameshapanda gari la Meru.